Wasomaji Wauliza: Ukungu wa Kijani, Bani la Tumbaku na Uyoga wa Maruweruwe

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinahusu uyoga. Tumezifupisha. Majibu ya maswali yanayofanana tumeyaweka pamoja.

Mifuko yangu imegeuka kijani

*Niko Ipuli, Tabora. Mwezi Oktoba nilichemsha mabua ya mpunga kwenye pipa kwa saa moja, nikachanganya na pumba kidogo ili yapate nguvu, nikapanda mbegu ya uyoga wa mamama. Mifuko 30, kila mmoja kilo 6, niliipanga chini mitatu mitatu. Wiki ya kwanza utando ulikuwa mweupe kabisa. Wiki ya pili mifuko 11 imeshika ukungu wa kijani. Kosa langu ni nini, na hii mifuko niitupe?*

Pole sana. Ukungu huo ni Trichoderma, na kila mkulima wa uyoga hukutana nao. Unapenda chakula kilekile anachopenda mamama, ila una mbio zaidi pale mamama anapokuwa amechoka au amechelewa. Kwa maelezo yako, tunaona makosa manne, na kila moja limeupa ukungu nafasi.

La kwanza ni saa moja ya kuchemsha. Mabua yaliyoshindiliwa kwenye pipa la lita 200 hayapati joto katikati kwa saa moja, hata kama maji yanatokota chini. Kwa mvuke, weka kichanja cha miti ndani ya pipa, tia maji yafike kina cha sentimita 15 (karibu lita 40), panga mabua juu ya kichanja, funika kwa gunia na turubai, funga kwa kamba. Anza kuhesabu saa pale mvuke unapotoka kwa nguvu pande zote za kifuniko. Kuwasha moto peke yake si kuanza kuhesabu. Toka hapo ni saa 3 hadi 4. Chungulia maji yasikauke, maana pipa likikauka mabua ya chini yanaungua na ya juu yanabaki mabichi.

La pili ni pumba. Pumba ni chakula kitamu mno kwa ukungu. Anayetumia pumba anahitaji joto kali kuliko pipa linavyoweza kutoa. Mabua ya mpunga yanatosha yenyewe, na ukitaka nguvu zaidi changanya maganda ya mbegu za pamba. Wewe uko jirani na Nzega na Igunga ambako pamba inalimwa.

La tatu ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni joto la ndani ya mfuko. Utando unapokula mabua unatoa joto lake. Chumba kikiwa na nyuzi 29, katikati ya mfuko wa kilo 6 uliobanwa na mingine miwili kunaweza kufika nyuzi 35 au zaidi. Hapo mamama anaanza kuugua, na ikikaribia 40 anakufa. Ukungu wa kijani unasubiri hapo hapo. Ukikata mfuko mmoja ulioharibika katikati utaona: pembeni utando mweupe, kiini cha mabua kimekuwa cha kahawia, kimelowa, kinanuka uchachu. Hiyo ni alama ya joto. Kwa Oktoba ya Tabora, jaza mifuko ya kilo 2 hadi 3, ipange mmoja mmoja juu ya chanja, na acha nafasi ya viganja viwili kati ya mfuko na mfuko.

La nne hatuna hakika nalo kwa sababu hukuandika, lakini liangalie: unyevu. Chukua konzi ya mabua, kamua kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili au matatu, ni sawasawa. Maji yakichuruzika, yatandaze kwanza kwenye turubai safi. Usipopata hata tone, rudisha maji ya moto kidogo.

Kiasi cha mbegu kiwe kilo 1 kwa kila kilo 20 za mabua yaliyolowa. Wengi hubana mbegu kwa sababu ya bei, kisha wanapoteza mfuko mzima. Mbegu changa na nyingi hufunika mabua haraka, na ukungu unakuta mahali pameshakaliwa. Mbegu yenye punje zilizogeuka njano, yenye majimaji chini ya chupa au harufu ya pombe, usiipande. Ukiagiza kutoka mbali, iambie familia iipokee siku hiyohiyo. Siku mbili kwenye buti la basi zinaiua kabla haijafika kwako.

Mifuko 11: iliyo na doa dogo kama sarafu, na sehemu nyingine yote ni nyeupe, iondoe chumbani, iweke nje kivulini peke yake. Mingine huzaa mara moja, na uyoga unaoota mbali na doa unalika. Iliyojaa kijani usiifungue ndani ya nyumba. Ukifungua, vumbi lake la kijani linaruka na kutua kwenye mifuko mizima. Ibebe ikiwa imefungwa, ukaifukie mbali na banda, upande ambao upepo hautoki kuelekea kwako. Mikono osha, nguo badili, ndipo urudi kwa mizima.

Kuni zikiwa shida, ipo njia ya chokaa isiyohitaji moto. Kata mabua vipande vya sentimita 3 hadi 5, uyazamishe kwenye maji yenye gramu 300 hadi 400 za chokaa iliyozimwa kwa kila lita 100, weka jiwe juu yasielee, yakae saa 12 hadi 18. Kisha yachuje mpaka yasidondoke, fanya jaribio la kukamua, panda. Chokaa hupandisha ukali wa maji kiasi kwamba vijidudu vingi hufa. Vaa glavu na linda macho, maana chokaa inachoma ngozi.

Bani la baba

*Baba ameacha kulima tumbaku hapa Urambo. Limebaki bani lake la kukaushia tumbaku, la matofali, mita 5 kwa 5, refu, halina dirisha. Naweza kuligeuza banda la uyoga? Na mabua ya tumbaku je, hayawezi kuwa chakula cha uyoga?*

Bani linafaa, na kwa ukame wa Tabora lina faida ambayo banda la nyasi halina: kuta nene zinashika ubaridi. Mabua ya tumbaku acha kabisa. Yana nikotini, nayo ni sumu. Uyoga una tabia ya kubeba vitu vilivyo mahali unapoota au unapokaushiwa, na mwaka 2009 Ulaya ilikuta nikotini ndani ya uyoga mkavu wa porini ulioingizwa kutoka Uchina. Kwa hiyo hata bani lenyewe linahitaji usafi wa kweli, si kufagia.

Toa fito zote na mabomba ya bati yaliyopitisha moshi. Kwangua masizi. Osha kuta na dari kwa maji ya sabuni, mara mbili, huku umefunga kitambaa puani, kisha acha mlango wazi wiki nzima. Harufu ya tumbaku ikiwa bado inakufikia ukiingia asubuhi, osha tena. Ndipo upake chokaa mara mbili.

Tatizo la bani ni kwamba lilijengwa kufungia joto, na uyoga unataka kupumua. Toboa matundu manne ya sentimita 30 kwa 30, karibu na sakafu, na mawili juu chini ya paa. Ya chini ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu hewa chafu inayotolewa na uyoga ni nzito na hukaa chini. Kila tundu liwe na wavu wenye vitundu vidogo kuliko vya chandarua cha kawaida, maana vijinzi vyeusi vya uyoga ni vidogo mno. Kwenye urefu wa mita 2 na nusu tandaza dari ya mikeka, la sivyo unyevu wote utapanda juu na kukaa mahali pasipo na mfuko. Sakafuni mwaga mchanga kina cha sentimita 5, uumwagilie asubuhi na jioni. Toka Juni hadi Oktoba ongeza magunia ya katani yaliyolowa, yaning'inizwe ukutani, na maji mara 3 au 4 kwa siku.

Maji nyunyiza hewani na ukutani. Kofia zikilowa na zisipokauka kwa saa kadhaa zinapata madoa ya njano yenye utelezi. Hao ni bakteria. Unapunguza maji, unaongeza hewa.

Shina refu, kofia kama kifungo

*Gungu, Kigoma. Uyoga wangu unatoka mwingi lakini una mashina marefu kama vidole na kofia ndogo. Mbegu mbovu?*

Mbegu yako ni nzima. Uyoga wako unatafuta hewa. Fungua madirisha ya chini, punguza mifuko chumbani, na hakikisha kuna mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Vichomozo vipya vitatoka na umbo lake ndani ya siku chache. Yale marefu yanalika, ila yanauzika kwa shida. Kofia zikitoka kubwa lakini kingo zimepasuka, hilo ni jambo jingine: unyevu umepungua.

Makapi ya mawese

*Sisi wa Ujiji mpunga hatuna, mawese tunayo. Makapi yanafaa?*

Yanafaa, ukiondoa mafuta. Nyuzi zilizobaki baada ya kukamua loweka usiku kucha, mwaga maji, suuza kwa maji ya moto mpaka mkono usiteleze, kisha changanya nusu kwa nusu na majani makavu ya migomba au magunzi yaliyopondwa. Mafuta yakibaki, makapi yanachacha na utando hausogei. Kwa joto la ziwani mwambie muuza mbegu akupe mamama wa joto. Wapo wanaovumilia nyuzi 28 hadi 30, na wapo wanaotaka baridi ya Kasulu.

Uyoga wa maruweruwe

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Kasulu. Kwenye simu naona video nyingi za watu Ulaya na Marekani wanaopanda "uyoga wa maajabu" nyumbani, na wanasema unatibu huzuni. Hapa kwetu kwenye kinyesi cha ng'ombe huota uyoga mdogo wa kahawia. Ndio huo? Na mtu akipanda kwenye mifuko kama ya mamama kuna ubaya gani?*

Marahaba, mdogo wetu. Umeuliza waziwazi, nasi tutajibu hivyo hivyo.

Uyoga unaousema una kemikali iitwayo psilosibini. Mtu akiula, mwili unaigeuza kuwa psilosini, ambayo inagusa milango ya ubongo ileile inayotumiwa na serotonini, kemikali ya asili ya ubongo. Kuanzia dakika 20 hadi 40 mtu anaanza kuona rangi, maumbo na wakati vikibadilika, na hali hiyo hudumu saa 4 hadi 6. Wamazateki wa jimbo la Oaxaca, Mexico, wameutumia tangu kale katika ibada za uponyaji. Dunia ya nje iliusikia sana mwaka 1957, Mmarekani R. Gordon Wasson alipoandika katika jarida la Life juu ya ibada aliyohudhuria kwa mganga María Sabina. Mwaka uliofuata mwanakemia Mswisi Albert Hofmann akaitenga psilosibini yenyewe maabarani.

Habari ya kutibu huzuni haikuzuka hewani. Watafiti wameipima kwa wagonjwa wa sonona (huzuni ya kiugonjwa) ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Australia, tangu Julai 2023, imewaruhusu madaktari wa akili waliopewa kibali kuitumia. Wapiga kura wa Oregon, Marekani, waliidhinisha huduma yake mwaka 2020. Lakini tazama inavyofanywa huko: mtu anachunguzwa kwanza, dozi inapimwa, na yupo mtu aliyefunzwa pembeni yake kwa saa zote. Mwenye skizofrenia au ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, hata kama ni nduguye wa damu ndiye mgonjwa, kwa kawaida hapokelewi, kwa sababu inaweza kumwamshia ugonjwa. Anayetumia dawa ya lithiamu anaweza kupata degedege. Video za simu hazikuonyeshi hayo.

Kwa sheria, psilosibini imo kwenye Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 juu ya dawa zinazoathiri akili, na hapa Tanzania iko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kuupanda, kukutwa nao au kuuza ni kosa la jinai. Hatutaeleza namna ya kuupanda.

Sasa huo wa kinyesini. Uyoga mdogo wa kahawia ndilo kundi gumu kuliko yote kulitambua. Wanaolisoma kwa miaka mingi bado huhitaji darubini na alama ya vumbi la uyoga kwenye karatasi. Ndani ya kundi hilo wamo wenye sumu ileile ya kuua ini iliyomo kwenye uyoga wauaji wa jamii ya Amanita. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kukausha. Ubaya wake ni kwamba inachelewa: mtu anakula, anakaa saa 6 hadi 24 bila dalili, kisha anatapika na kuharisha sana, halafu siku ya pili anapata nafuu. Ndugu wanamshukuru Mungu, wanarudi shambani. Siku ya tatu macho yanakuwa ya njano. Nafuu ile ilikuwa ya uongo.

Yale majaribio ya nyumbani, kuchemsha na kijiko cha fedha, kutazama kitunguu kama kitabadilika rangi, kuona kama wadudu wameula, hayana ukweli. Konokono anakula uyoga unaomuua mtu. Na uko mwingine unaoota sana kwenye maboma na nyasi fupi za nyumbani, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, unaovutia kuchuma. Ukikomaa, mikunjo ya chini ya kofia na vumbi lake huwa vya kijani. Unatapisha vibaya ndani ya saa 1 hadi 3. Mtu akidhurika na uyoga wowote, mpelekeni hospitali, mbebe na mabaki ya uyoga kwenye karatasi (si mfuko wa plastiki, utaoza), na mwambieni daktari saa aliyokula na saa dalili zilipoanza. Msimpe mafuta wala maziwa ya kumtapisha.

Kinachokuvutia kwenye zile video, kuona nyuzi nyeupe zikitambaa na kuchipua kitu kizima, ni jambo zuri, na huhitaji kosa la jinai kulipata. Wapanda uyoga wa nyumbani wa nchi za nje wamejifunzia ufundi mwingi kwa mamama. Nunua chupa moja ya mbegu, jaza mifuko 4 ya kilo 2 kwa makapi ya maharage ya Kasulu na majani ya migomba, andika kila siku joto na umbali ambao utando umesogea. Baridi ya huko kwenu ni bahati ambayo wa ziwani wanaitamani. Na kama swali lako la huzuni linakuhusu wewe au mtu wa karibu, nenda kituo cha afya uliza huduma ya afya ya akili. Dawa zipo, na mazungumzo yapo.

Uyoga wa kichuguu

*Sikonge. Kila mvua za kwanza tunauza uyoga mkubwa wa kichuguu barabarani. Mbona hamuuzi mbegu yake?*

Kwa sababu mkulima wake si mtu. Uyoga huo, Termitomyces, unapandwa na mchwa ndani ya kichuguu juu ya masega ya majani na miti waliyoitafuna. Wanausafisha, wanaupa unyevu na joto lisilobadilika, nao unawamegea chakula. Ukiwaondoa mchwa, hauzai. Jamaa yake mmoja, Termitomyces titanicus wa misitu ya miombo, ana kofia inayoweza kufika mita moja, na hata huyo hakuna aliyemfuga.

Uyoga wa njano na mwekundu wa miombo nao haupandwi kwenye mfuko, kwa sababu nyuzi zake zimefungamana na mizizi ya miti kama mtundu na muba. Unaupa mti maji na madini, mti unaupa sukari. Mti ukikatwa kwa mkaa au kwa kuni za bani, uyoga wa mahali pale unakwisha msimu unaofuata. Kwa hiyo kama mnataka kuendelea kuuza: msichimbue kichuguu kwa jembe, vuteni uyoga taratibu kwa mkono, acheni michache iliyokwisha kufunguka imwage vumbi lake, na kichuguu kinachozaa msikimwagie dawa ya mchwa.

Kikohozi cha bandani

*Mwanga, Kigoma. Mama mkwe ndiye anayechuma. Sasa kila jioni anakohoa na kupata homa, asubuhi anakuwa mzima. Malaria tumepima, hakuna.*

Vumbi la uyoga. Mamama akikomaa anamwaga vumbi jeupe jingi mno, na mapafu ya baadhi ya watu yanalikataa: homa, kikohozi na kubanwa kifua saa chache baada ya kutoka bandani. Asiingie tena mpaka aonwe na daktari, na daktari aambiwe kazi anayoifanya, la sivyo atatibiwa vichomi kila wiki. Hali hii ikiachwa miaka inaharibu mapafu moja kwa moja.

Wanaobaki kuchuma wavae barakoa nzito inayobana puani. Tena chumeni mapema: kingo za kofia zikiwa bado zimeinama chini, kabla hazijanyooka au kujikunja juu. Shika kichala chote, zungusha, kitoke na shina lake, maana kipande kinachobaki kinaoza na kuita inzi. Fungueni madirisha nusu saa kabla ya kuingia. Uyoga uliochumwa hivyo unakuwa mzito zaidi, na unakaa sokoni siku moja zaidi kuliko ule uliokwisha kufunguka.